Boti haiwaki, inazima au haivuti: kusaka kosa la petroli yenye ethanoli

Barafu ikishaondoka kwenye maziwa ya Minnesota na watu wakaanza kushusha boti, malalamiko huwa yaleyale kila mwaka. Mashine iliyolazwa Oktoba ikiwa nzima, Mei haitaki kuwaka. Nyingine inawaka nyumbani bila shida, inafika katikati ya ziwa, inakohoa na kunyamaza. Mtu akiuliza dukani anajibiwa neno moja: ethanoli, yaani ile alkoholi inayochanganywa kwenye petroli. Kwa aliyetoka Mombasa, Dar au Bukavu akanunua boti iliyotumika huku, jibu hilo halimsaidii sana, maana nyumbani petroli mbaya ni ile iliyochanganywa na mafuta ya taa. Na kusema kweli ethanoli inasingiziwa mengi. Kosa kubwa huwa ni maji yaliyoingia tangini na petroli iliyokaa mno; ethanoli huyakoleza. Kwa hiyo tufuate dalili, tukianza na vitu visivyogharimu kitu.

Uliweka petroli gani?

Petroli ya kawaida ya oktani 87 (oktani ni namba ya uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge) jimboni humu ina ethanoli hadi asilimia 10, ndiyo inayoitwa E10. Sheria ya Minnesota inataka ethanoli kwenye petroli jimbo zima tangu 1997. Sheria hiyohiyo imeacha upenyo: kituo kinaruhusiwa kuuza petroli ya oktani 91 isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, pikipiki, magari ya theluji, magari ya kale na mashine ndogo kama za kukatia majani. Si kila kituo kinayo, na bei yake iko juu. Watengenezaji wa mashine za boti karibu wote wanaikubali E10 kwenye mashine za miongo ya karibuni, kwa hiyo mtu anayeenda ziwani kila wikiendi na kumaliza mafuta yake hana haja ya kulipia ile ya 91 msimu mzima.

Mtego uko kwenye pampu iliyoandikwa 88. Bei yake iko chini ya 87, namba yake ni kubwa, na mtu anaona amepata. Hiyo ni E15, yenye ethanoli hadi asilimia 15. Serikali ya shirikisho iliiruhusu kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia 2001. Kwenye boti ni marufuku, hata mashine iwe imetoka kiwandani jana. Kibandiko chake cha rangi ya machungwa na buluu kinazitaja boti waziwazi. E85, ambayo ethanoli yake hufika asilimia 83, usiisogeze kabisa. Ukishajaza kwa makosa, usiwashe. Mafuta yatolewe kwanza.

Kama umenunua boti na hujui mwenye nayo wa zamani aliweka nini, pima. Ukiwa nje, mbali na moto, weka maji mililita 10 kwenye chupa nyembamba yenye mistari ya vipimo, ongeza petroli mililita 100, ziba, tikisa, acha itulie. Maji ya chini yakibaki 10, petroli haina ethanoli. Yakipanda kukaribia 20, hiyo ni E10, kwa sababu ethanoli imeiacha petroli ikayafuata maji. Yakifika 25 au zaidi, rudi kwenye aya iliyotangulia.

Kabla ya kushika bisibisi

Nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Boti yenye injini ya ndani ifunguliwe kifuniko, inuswe kwa pua, kisha feni ya kutolea hewa iendeshwe angalau dakika 4 kabla ya kuwasha. Ukisikia harufu kali ya petroli, mwongozo huu umeishia hapo: usiguse swichi yoyote, hata ya feni, shusha watu na umwite fundi.

Kama hewa ni safi, angalia haya: kamba ya usalama iko mahali pake kwenye swichi ya kuzima? Gia iko huru? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa? Kiungio cha bomba la mafuta kimebana hadi kikalia? Nguzo za betri ni safi? Mafundi hulipwa kila masika kwa sababu ya kamba ya usalama tu.

Kisha ishike ile pampu ya kubinya iliyo katikati ya bomba, mshale wake ukielekea kwenye mashine, uisimamishe wima na kuibinya. Ikijaa na kuwa ngumu, mafuta yamefika mbele. Ikibaki laini hata ubinye vipi, ama tangi ni tupu ama hewa inaingia mahali. Ikibonyea ikakataa kurudi, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tangi. Kumbuka hizo hali tatu, tutazirudia.

Stata inazungusha, injini haiwaki

Sababu inayoongoza ni petroli iliyolala. E10 isiyotiwa dawa ya kuhifadhia huanza kuchoka baada ya kama miezi mitatu: ile sehemu nyepesi inayowaka kwa urahisi inapotea na kinachobaki kinanuka vanishi, rangi yake imekoza. Usiongeze petroli mpya juu yake ukitumaini itajirekebisha. Unganisha tangi dogo la kubeba lenye petroli mpya, binya pampu, jaribu tena. Ikiwaka na kutulia, mashine haina kosa. Kosa liko tangini au kwenye bomba lake.

Usiendelee kupiga stata kwa muda mrefu. Sekunde 10, pumzisha, rudia. Stata iliyoungua ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ikigoma hata kwa petroli mpya na pampu ni ngumu, na plagi zinatoa cheche, nenda kwenye kabureta. Petroli ikikauka mle ndani huacha gundi ya rangi ya chai, na maji yakiwemo utakuta unga mweupe au wa kijani kwenye aluminiamu na shaba. Fungua skrubu ndogo ya chini ya kibakuli, kinga kwa chombo cha kioo, tazama kinachotoka. Jeti, yaani vile vitundu vya kupitishia mafuta, husafishwa kwa dawa ya kupulizia na hewa. Usizichokonoe kwa waya: tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika. Mashine yenye kabureta mbili au tatu zikishafunguliwa inabidi zipangwe ziende sawa, na hiyo kazi mpe fundi.

Mashine ya injekta ni habari nyingine. Mafuta yake yako kwenye mgandamizo mkubwa, na bomba likifunguliwa vibaya huruka kama ukungu juu ya injini. Badilisha chujio la nje, jaribu tangi la pembeni, ukishindwa hapo simama.

Inawaka, ila inazima ikiwa sailensa (inaunguruma tu bila kuongezwa mafuta)

Hii kwa kawaida ni jeti ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake ndilo dogo kuliko yote na ndilo huziba kwanza. Vuta choki kidogo: injini ikitulia, ilikuwa inakosa mafuta. Mwambie mwenzako abinye pampu huku inaunguruma. Ikipata nguvu kila anapobinya, tazama kiungio kinachovuta hewa, pete ya mpira iliyokauka, au kiwambo cha pampu ya mafuta ya mashine. Viwambo vya mashine za zamani havikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli, hukakamaa. Seti yake ya ukarabati si ghali.

Haivuti ukifungua moto

Inawaka vizuri, inatembea polepole bila kelele, lakini ukifungua moto, yaani ukiongeza mafuta ili iende kasi, inapanda kidogo, inalegea, inakohoa, na ukirudisha inatulia tena. Hapa injini inataka mafuta mengi na njia haiyapitishi. Ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayowapotezea watu pesa, kwa sababu wengi huanza kwa kununua plagi.

Kwanza hakikisha ni mafuta kweli. Kama mlio unapanda juu lakini boti haiongezi mwendo, hilo ni la rafadha (propela): kitovu chake cha mpira kinateleza. Petroli haihusiki.

Kisha chujio. Ethanoli ni kiyeyusho kizuri. Tangi lililotumia petroli tupu miaka mingi lina utando wa taka kwenye kuta zake, na E10 ya kwanza huulegeza wote ukaja chujioni. Ndiyo maana boti iliyonunuliwa kutoka kwa mzee aliyekuwa akitumia ile ya 91 tu huanza kuugua mikononi mwa mwenye nayo mpya. Tumia chujio la kutenganisha maji, la mikroni 10, beba la akiba na ufunguo wake, na ujue msimu wa kwanza utabadilisha zaidi ya mara moja. Usitupe kilichomo kwenye chujio la zamani. Kimimine kwenye mtungi wa kioo, tutakihitaji hapa chini.

Chujio likiwa jipya na tatizo lipo, fungua kifuniko cha kujazia mafuta boti ikiwa imesimama. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na boti ikapata nguvu baada ya hapo, tundu la hewa la tangi limeziba. Buibui na nyigu wanapenda sana kujenga kwenye kile kitundu cha ubavuni.

Pampu ya kubinya inabonyea wakati wa mwendo? Kizuizi kiko kati yake na tangi. Penye bomba linapotoka tangini pana vali ndogo ya springi na gololi inayozuia tangi lisijimwage bomba likikatika. Kutu na taka huigandisha. Isafishe au ibadilishe. Usiitoe ukaendelea bila hiyo, ndiyo inayozuia petroli kujaa ngamani. Wakati mwingine kilichoziba ni ncha ya bomba la kunyonyea ndani ya tangi.

Halafu bomba lenyewe. Mabomba ya zamani huachana ngozi ya ndani: nje yanaonekana mazima, ndani kipande kimening'inia na kujifunga kama mlango kila mafuta yakienda kasi. Soma maandishi yaliyochapwa juu yake. Kwa mashine ya nje unatafuta alama ya B1-15, na kwa chumba cha injini A1-15. Ile 15 ni kiwango cha uvujaji wa mvuke, gramu 15 kwa mita ya mraba kwa siku. Bomba lisilosomeka alama ni la kubadilishwa. Na hata linalosomeka, lipanguse kwa kitambaa kikavu kwa urefu wake wote kisha unuse kitambaa. Kikinuka petroli, limekwisha.

Njia ya mkato ya yote haya ni lile tangi dogo la pembeni. Unganisha, nenda ziwani, fungua moto. Ikivuta, shughulika na upande wa boti. Ikikataa, shughulika na upande wa mashine. Hakuna kipimo kingine chenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivi.

Onyo kwa wenye tustroki (injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili): usiilazimishe injini inayokosa mafuta. Petroli ndiyo inayobeba oili kwenda kwenye pistoni, na mchanganyiko mwembamba huwaka kwa joto kali. Pistoni hutoboka kabla hujasikia mlio wa ajabu.

Kuna maji kwenye chujio

Urudie ule mtungi wa kioo. Uweke mahali pasipotikisika kwa muda, uangalie kwa mwanga wa nyuma. Petroli nzima ina rangi moja juu hadi chini na unaona vidole vyako upande wa pili. Ukiona mstari, na chini yake tabaka lenye ukungu, hayo ni maji, na kama petroli ilikuwa E10, ni maji pamoja na ethanoli. Huna uhakika? Dondoshea tone la rangi ya chakula. Litapita kwenye petroli likiwa shanga, lifike chini, lisambae kwenye tabaka la maji.

Petroli isiyo na ethanoli haishiki maji karibu kabisa. Yakiingia hushuka chini na kukaa. E10 hushika hadi kama nusu asilimia kwenye joto la nyuzi 15 hivi. Kwa tangi la lita 75 hiyo ni kama mililita 375, kiasi cha chupa ndogo ya maji. Chini ya hapo hakuna kinachoonekana, maji yanapita injini na kutoka na moshi, na hiyo ni faida ya ethanoli ambayo hutaisikia dukani. Yakizidi hapo, mambo yanageuka mara moja: maji huivuta ethanoli kutoka kwenye petroli, vyote viwili vinashuka chini. Tangi hilo lilikuwa na lita 7 na nusu za ethanoli, kwa hiyo kilichokaa chini ni lita kadhaa, si ile chupa moja iliyoingia. Na bomba la kunyonyea liko hukohuko chini. Juu imebaki petroli iliyopoteza ethanoli, na kwa kuwa ethanoli ndiyo iliyokuwa inainyanyua oktani, ile 87 sasa imeshuka namba mbili au tatu.

Baridi hupunguza uwezo huo wa kushika. Petroli iliyokuwa safi Oktoba ikiwa imekaribia kushiba maji hutengana Januari bila hata tone jipya kuingia.

Ukikuta maji kidogo kwenye chujio na petroli ya tangini bado ina rangi moja, badilisha chujio, angalia pete ya mpira ya kifuniko cha kujazia (maji mengi ya mvua na ya kuoshea boti hupitia hapo), na tumia mafuta hayo upesi. Ukikuta tabaka, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Zipo zinazoahidi hivyo; weka pesa yako mfukoni. Hizo zenye alkoholi ndani zinakuongezea kilekile ulichokuwa nacho. Tangi lote litolewe, lisafishwe, lijazwe upya.

Tangi la kubeba utalimwaga mwenyewe, nje, likiwa limekaa chini kwenye ardhi. Tangi lililojengwa ndani ya boti mwachie fundi mwenye pampu isiyotoa cheche. Usitumie pampu ya umeme ya nyumbani, na usinyonye kwa mdomo.

Inakufa mchana wa joto, ikipoa inawaka

Huenda mafuta yanachemka kwenye bomba na kuwa mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Hutokea sana siku za joto za mwanzo wa msimu, tangi likiwa bado na petroli ya majira ya baridi, ambayo imetengenezwa ivukize haraka. Fungua kofia ya injini ipoe, binya pampu, uiwashe tena. Jaza petroli mpya ya kiangazi. Ikiendelea wiki hadi wiki, angalia kama maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu. Huenda injini yenyewe ndiyo inayochemka.

Tangi jekundu limevimba kama mpira

Si ethanoli. Matangi ya kubeba yaliyotengenezwa kuanzia 2011 yanatakiwa na sheria ya mazingira yazuie mvuke, hivyo hayapumui mpaka mgandamizo ufike kama psi 5. Juani huvimba, na yakiwa yameunganishwa yanasukuma petroli hadi kwenye injini, unaikuta imefurika au inavuja. Ukifika, chomoa bomba. Kabla ya kuunganisha tena, legeza kifuniko taratibu, mbali na mwenye sigara.

Kugonga, na ute mweusi

Injini ikigonga kama misumari kwenye bati ukifungua moto, oktani imeshuka: petroli imezeeka au imetengana. Punguza, rudi ufukweni polepole, usiendeshe tena mafuta hayo.

Boti za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zenye tangi la faiba zina balaa lake. Ethanoli huyeyusha utomvu wa faiba, nao huenda kuganda kwenye vali kama lami nyeusi. Wenye boti kubwa za kizamani huko New York na Connecticut walilijua hilo kwa machungu baada ya 2004, ethanoli ilipochukua nafasi ya MTBE, kemikali ya kuongezea oktani, kwenye petroli yao. Ukiona ute mweusi kwenye kabureta na tangi ni la faiba, hapo pana kuvuja pia siku za mbele. Usiiwashe. Mwite fundi, na ujiandae kusikia kwamba tangi lote libadilishwe.

Kulaza boti kwa majira ya baridi

Tangi la kubeba limalize. Kama petroli bado ni mbichi na haina oili, mimina kwenye gari lako, liichome.

Tangi la ndani watu hubishana: lijazwe au likaushwe? Kukausha kabisa ni kazi ngumu na hatari kwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo mimi niko upande wa kujaza, hadi asilimia 95, ile 5 ibaki ya kutanuka masika. Hapa ndipo ile petroli ya 91 isiyo na ethanoli inaporudisha bei yake. Tia dawa ya kuhifadhia ikiwa petroli bado mpya, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Haifufui iliyokwisha kuchoka. Kisha endesha injini dakika 10 hadi 15 ikiwa na maji ya kupozea, ili mafuta yenye dawa yafike hadi kwenye kabureta. Mashine ya kabureta baada ya hapo chomoa bomba, iache iungurume hadi izime, na umwage vibakuli. Ya injekta usiikaushe hivyo, fuata kitabu chake. Tundu la hewa usilizibe.

Petroli iliyoharibika haimwagwi chini wala haichomwi nyuma ya gereji. Kaunti zina vituo vya kupokea taka hatari za majumbani. Piga simu kwanza uulize wanapokea kiasi gani kwa safari moja, na uipeleke kwenye dumu la petroli lenye kifuniko kinachobana, si kwenye chupa za maziwa.